Namna ya Kuandaa Kipindi cha Redio cha Muziki na Vichekesho Kinachosafiri, Kutoka Malindi hadi Visiwa vya Lamu

Kipindi cha redio kinachorushwa moja kwa moja mbele ya watu kina hadhira mbili. Ya kwanza imeketi mikekani mbele ya jukwaa, inamwona mchekeshaji akikunja uso na inaangua kicheko kabla hajasema neno. Ya pili iko Witu, Garsen, Matondoni au ndani ya mashua iliyotia nanga, na haioni chochote. Maelekezo haya yamekusudiwa vikundi vya sanaa, vituo vidogo vya redio na waandalizi wa pwani ya kaskazini ya Kenya wanaotaka kuzungusha kipindi cha muziki na vichekesho kutoka Malindi hadi Lamu na Pate. Msingi wake ni mmoja: kila mara matakwa ya hadhira hizo mbili yanapogongana, asiyeona ndiye anayetangulizwa.

Muundo wa kipindi cha namna hii umekwisha kujaribiwa kwingine. Huko Marekani, A Prairie Home Companion, kipindi kilichoanza tarehe 6 Julai 1974 mjini St. Paul katika jimbo la Minnesota na kuongozwa na Garrison Keillor hadi mwaka 2016, isipokuwa kwa miaka michache ya mapumziko, kilirushwa Jumamosi jioni kwa muda wa saa mbili, kikiwa na wanamuziki jukwaani, michezo mifupi ya kuchekesha, fundi wa milio aliyeigiza kwa mdomo na kwa vifaa vya kawaida, matangazo ya bidhaa zisizokuwapo, na masimulizi marefu kuhusu mji wa kubuniwa. Kilipokuwa safarini, ukumbi ulibadilika lakini sehemu hizo zilibaki, na hilo ndilo linalofaa kuigwa, kwa kuwa msikilizaji anayejua kitakachofuata husubiri kwa hamu hata akiwa jikoni. Malighafi ya kujaza muundo huo tunayo. Zein l'Abdin, bingwa wa kupiga udi, ile ala ya nyuzi, alizaliwa Lamu, na Juma Bhalo alizaliwa Malindi, kwa hiyo taarabu haihitaji kuagizwa kutoka mbali. Kwa upande wa maneno, wasikilizaji wa Kenya walizoeshwa kwa miongo mingi na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye kwa kuuliza tu iwapo jambo fulani ni ungwana aliweza kuwachekesha watu na kuwakosoa bila kumtukana yeyote.

Tarehe na saa

Anza na kalenda ya Kiislamu kabla hujafungua ile ya ukutani. Mwezi wa Ramadhani uachwe kabisa. Mfunguo Sita nao, ambao Lamu hupokea wageni wengi wa Maulidi na shughuli nyingi huzunguka Msikiti wa Riyadha, si mwezi wa kuleta jukwaa lenye vipaza sauti, hata kama umati mkubwa unashawishi. Miezi hiyo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida, hivyo tarehe iliyofaa mwaka jana isinakiliwe bila kukaguliwa. Baada ya hapo tazama hali ya hewa. Masika, hasa kuanzia Aprili hadi Juni, huloanisha nyaya na kuharibu barabara, nao upepo wa kusi huchafua bahari na kuvuma ndani ya maikrofoni. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ndicho kipindi chepesi zaidi kwa msafara wenye vyombo vya muziki.

Saa ya kuanza hupangwa na adhana. Kwa kuwa Lamu iko karibu sana na ikweta, nyakati za swala hazibadiliki sana katika mwaka, na kipindi cha dakika 90 kinachoanza saa mbili na nusu usiku, watu wakiwa wamekwisha kuswali Isha, kitamalizika saa nne kamili. Saa hiyo ya kumalizia ina faida nyingine: kanuni za utangazaji za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinataka vipindi vinavyorushwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku vifae kusikilizwa na familia nzima, na kipindi cha aina hii hakina sababu ya kutafuta ruhusa ya kuwa kitu kingine. Wapo wanaopendelea muda wa baina ya Alasiri na Magharibi. Muda huo unafaa kwa watoto, lakini upepo wa baharini huwa mkali, boti bado zinapita, na kipindi kikichelewa kwa robo saa kitakutana na adhana ya Magharibi hewani, jambo ambalo mwandalizi hatasamehewa upesi.

Mahali

Mjini Lamu macho ya kila mtu huelekea uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Ni mahali pazuri pa kukusanya watu, lakini ni mahali pagumu pa kunasa sauti: upepo hupita bila kizuizi, punda hulia bila taarifa, na injini za boti husikika kutoka gatini. Ua wa ndani wa Ngome, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821 na ambayo leo iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, unakingwa na kuta nene zinazozuia upepo, ila kuta hizohizo za mawe ya matumbawe hurudisha mwangwi. Baina ya upepo na mwangwi, ningechagua mwangwi, kwa sababu una dawa. Tundika majamvi na mikeka nyuma ya wasanii na kwenye ukuta unaowaelekea, tandika mingine sakafuni, kisha kumbuka kwamba ua uliojaa watu hunyonya sauti kuliko ua mtupu, kwa hiyo usikate tamaa kwa yale utakayoyasikia wakati wa majaribio ya mchana.

Wakati wa kupanga viti, zungumza na wazee wa mtaa na akina mama wenyewe kuhusu upande watakaokaa wanawake. Upande huo usiwe nyuma kabisa. Mbali na heshima inayowastahili, vicheko na vigelegele vyao ni sehemu kubwa ya uhai wa kipindi, na maikrofoni ya hadhira iliyowekwa mbele ya wanaume peke yao itampelekea msikilizaji wa nyumbani nusu ya mji. Weka mbili, moja kila upande, kwenye milingoti mirefu ambayo watoto hawaifikii.

Ruhusa ziombwe mapema na kwa maandishi: makavazi kwa ajili ya jengo, serikali ya kaunti kwa ajili ya vipaza sauti, kituo cha polisi kwa ajili ya mkusanyiko, na vyama vya kukusanya mirabaha kwa ajili ya nyimbo zenye wenyewe. Mwenye kituo cha redio ndiye mwenye leseni ya kutangaza, kwa hiyo makubaliano naye yaeleze wazi nani atawajibika kwa maneno yatakayosemwa hewani.

Sauti na kiungo cha kituo

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kutumia mikisa moja, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, kwa kazi mbili. Sauti inayotosha uwanjani haimtoshi msikilizaji, kwa sababu dumbaki na zumari husikika uwanjani hata bila umeme, na fundi anapozipunguza kwenye vipaza sauti huwa amezipunguza redioni pia, zikapotea. Gawa mawimbi ya kila maikrofoni mara mbili, upande mmoja uende kwa fundi wa uwanja na mwingine kwa fundi wa matangazo, ambaye ataketi chumba cha mbali, hedifoni masikioni, bila kusikia jukwaa moja kwa moja. Huyu wa pili ndiye sikio la hadhira isiyoona. Akisema hasikii maneno ya mshairi, neno lake ndilo la mwisho hata kama watu mia tatu uwanjani wamesikia vizuri.

Udi uwekewe maikrofoni yake umbali wa shubiri moja hivi, ikielekezwa juu kidogo ya tundu ili isinase mvumo mzito wa tumbo la chombo. Zumari ikae mbali, mita mbili au tatu. Kila maikrofoni ya nje ivishwe sifongo, hata usiku unaoonekana shwari. Hewa ya chumvi na unyevu hulegeza ngozi za ngoma na kuharibu mlingano wa nyuzi, kwa hiyo vyombo vifikishwe jukwaani mapema vikazoea hewa ya mahali, ngoma za ngozi zipashwe kwa makaa kama ilivyo desturi, na wapiga udi na fidla walinganishe tena dakika chache kabla ya kwenda hewani.

Mchezo wa kirumbizi unahitaji neno la pekee, kwa kuwa ni mchezo wa macho. Uwanjani watu huona fimbo zikikutana na mchezaji akikwepa, lakini redioni hubaki mdundo wa ngoma na mgongano wa vijiti usio na maana. Weka maikrofoni moja chini, karibu na duara, inase fimbo na nyayo, kisha mpe mtangazaji mmoja kazi ya kusimulia kama anayetangaza kandanda: nani ameingia, nani amekwepa, nani amepigwa na sasa anajifanya hajaumia. Ukifanywa vizuri, mchezo huu unaweza kuwa sehemu inayosubiriwa kuliko zote. Ukiachwa bila msimulizi, ni bora usiwemo.

Kupeleka sauti kituoni siku hizi hufanyika kwa mtandao wa simu, kwa kutumia programu au kifaa maalumu cha kusafirishia sauti, na mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde unatosha kwa sauti ya chaneli moja. Tatizo ni kwamba mtandao uliojaribiwa saa nne asubuhi si ule utakaokuwapo usiku, umati ukiwa umefika na kila mtu anapeleka picha. Jaribu saa ileile ya kipindi, ikiwezekana siku ambayo mji una shughuli. Tumia laini za kampuni mbili tofauti, weka kifaa cha kupokea mtandao juu ya dari, na kubaliana na kituo kwamba kiungo kikikatika watacheza muziki uliorekodiwa kwa robo saa bila kuomba radhi kila dakika. Rekodi kila kitu hapohapo mahali pa tukio, kiungo kiwepo kisiwepo.

Sauti ikitoka Ngomeni hadi kituoni na kurudi kwa masafa huchelewa kwa sekunde kadhaa, zaidi ikiwa kituo kinatumia kicheleweshi cha sekunde saba ili kukata matusi. Kutokana na hilo, msanii yeyote asisubiri zamu yake kwa kusikiliza redio, na mshereheshaji aombe hadhira izime redio zake. Shabiki mmoja mwenye redio karibu na maikrofoni atawafanya wasikilizaji wote wasikie kila mzaha mara mbili.

Umeme hukatika. Jenereta iwekwe mbali, upande ambao upepo unaelekea, nyuma ya ukuta, na mikisa ya matangazo pamoja na kifaa cha mtandao vipewe betri inayoweza kuvibeba wakati jenereta inawashwa. Taa za jukwaa zinaweza kusubiri. Redio haina haja nazo.

Yanayosemwa jukwaani

Andika mpangilio wa kipindi kwa dakika, ubandike nakala kila mahali, kisha uulinde. Adui wa kwanza wa mpangilio huo ni wimbo mzuri. Taarabu ya kikao huanza kwa ala bila haraka, mwimbaji huingia anapotaka, mashabiki hujitokeza kumtunza, na robo saa imepita. Hayo ni matamu harusini. Hewani, kubaliana na bendi tangu mazoezini kuhusu beti zitakazoimbwa na ishara ya kumalizia, na mshereheshaji asiorodheshe majina ya wanaotunza, kwa kuwa aliyeko Garsen haoni noti wala kanga. Katika dakika 90, nimeona muziki wa dakika 45 unatosha, hadithi ndefu moja ya dakika 12 ikae baada ya nusu, na vichekesho vigawanywe vifupivifupi, kila kimoja kisizidi dakika sita.

Kichekesho cha redio huandikwa kwa masikio. Mfano mzuri unatoka Malindi yenyewe. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina, safari ambayo mwandishi yeyote wa vichekesho angeitamani. Twiga, hata hivyo, ni mnyama ambaye ni nadra kusikika akitoa sauti, na mwandishi mvivu atambunia mlio. Afadhali mnyama anyamaze, wasikike mabaharia: mmoja yuko juu ya mlingoti akilalamika kwamba kuna mtu anamla kofia, mwingine chini anamjibu kwamba huko juu hakuna mtu, na kati yao inasikika tafuna ya taratibu, isiyo na haraka, ya tango linalotafunwa mbele ya maikrofoni. Msikilizaji atamwona twiga huyo vizuri kuliko angekuwa jukwaani.

Fundi wa milio apewe meza yake na maikrofoni mbili. Vifuu viwili vya nazi vikigongwa juu ya jiwe ni punda anayepita kichochoroni. Choroko zikizungushwa polepole ndani ya ungo ni mawimbi ya ufukweni, na mchele ukimwagwa juu ya sinia ni mvua ya ghafla. Beseni la maji na kijiko cha mti ni kasia, na kanga iliyoloweshwa ikikung'utwa kwa nguvu ni tanga linaloshika upepo. Hadhira ya uwanjani hufurahi kumtazama akihangaika, na hapa ndipo hadhira zote mbili hupata haki yao kwa wakati mmoja, maana wanaomwona wanacheka na wasiomwona wanaamini.

Matangazo ya uongo nayo yana nafasi, mradi uongo wenyewe uwe mkubwa kiasi kwamba hakuna atakayeutafuta dukani. Tangazo la spea za punda, lenye breki, honi na mikia ya aina mbili kulingana na uwezo wa mteja, halitamdanganya mtu yeyote wa Lamu. Tangazo la dawa ya kikohozi, hata likiwa la mzaha, litawaleta wagonjwa, kwa hiyo dawa, mikopo na nafasi za kazi ziachwe.

Kuhusu utani, mji mdogo una kumbukumbu ndefu. Mhusika akiwa mchoyo anayeishi karibu na msikiti fulani na ana duka la rangi fulani, mji mzima utajua ni nani, na familia yake itakuwa imeketi safu ya tatu. Buni mtaa usiokuwapo na uwape wakazi wake majina yasiyo na wenyewe. Mambo ya dini yasitaniwe, ya ndoa za watu yasiguswe, na wanasiasa wakaribishwe kuketi kama watu wengine bila kupewa maikrofoni, hasa mwaka wa uchaguzi. Malindi inastahimili mzaha wa kelele zaidi. Muuza samaki anayebishana bei kwa Kiitaliano na mteja Mgiriama anayemjibu kwa Kiitaliano bora zaidi ni mchezo ambao watu wa huko wataukamilisha wenyewe. Lamu hupenda fumbo. Mhusika anayezungumza Kiamu, lahaja ya Lamu, aigizwe na Mwamu, maana mgeni akijaribu atachekwa yeye, si mhusika wake.

Njia ya kwenda Pate

Kutoka Malindi hadi Mokowe, kupitia Garsen na Witu, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200 wenye vizuizi vya polisi, kwa hiyo orodha ya vifaa na nakala za vitambulisho ziwe mkononi na safari ifanywe mchana. Mokowe mizigo hushushwa na kuingia botini, na Lamu hubebwa kwa mikokoteni na punda. Kila sanduku lifungwe liweze kuinuliwa na watu wawili. Udi na vifaa vya umeme vivikwe nailoni nzito ndani ya masanduku, maana maji ya chumvi hayamwonei huruma fundi.

Safari ya Faza au Siyu, kisiwani Pate, hupangwa na nahodha. Mkanda, mlango wa maji baina ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakijaa, na saa ya kujaa husogea kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, la mwezi mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na tena alasiri. Msafara utakaosubiri maji ya alasiri utafika magharibi na hautakuwa na muda wa kufunga vyombo, na baada ya kipindi, saa nne na nusu usiku, bahari itakuwa imekupwa kabisa. Kwa sababu hiyo ondoka Lamu kwa maji ya alfajiri, funga vyombo mchana, tangaza usiku, lala Faza, urudi kwa maji ya alfajiri inayofuata. Peleka mikisa ndogo, maikrofoni chache na bendi ya watu watano. Ngoma zilizobaki ziazimwe kijijini, na wenye ngoma hizo wapewe wimbo mmoja katika kipindi.

Wasanii walipwe usiku uleule, kabla ya kulala, kwa kiasi kilichoandikwa kabla ya safari. Rekodi inakiliwe mara mbili, nakala moja isafiri katika boti tofauti na ile ya kwanza, na mikeka iliyoazimwa irudishwe ikiwa imekung'utwa. Nahodha na mabaharia wamalizie malipo yao Mokowe, vyombo vikiwa vimehesabiwa na kupakiwa garini.